Mchimbaji mdogo hana mwajiri; afya yake ni jukumu la nani?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapimwa afya anapoanza kazi na kila baada ya muda. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri huyohuyo achangie mfuko, ili mtu akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi alipwe. Ni sheria nzuri. Sasa nenda Nyarugusu au Rwamgasa kule Geita, au Ishokelahela hapa Misungwi, ukamtafute huyo mwajiri. Mwenye leseni atakuelekeza kwa wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Mwenye duara atakuambia yeye ni mfadhili tu: analeta chakula, matimba (magogo ya kuegemeza duara lisiporomoke) na mafuta ya jenereta, na mawe yakishapanda juu watu wanagawana viroba. Mchimbaji aliye chini naye hajioni kibarua wa mtu, maana ana mgao wake. Wote watatu wanasema kweli, na kwa ukweli huo hakuna anayewajibika kumpeleka yeyote kupima kifua.

Serikali inakadiria kuwa wachimbaji wadogo nchini ni zaidi ya milioni moja. Duniani wanazidi milioni 40, karibu wote katika nchi zinazoendelea, na karibu kote tatizo ni hilihili: sera ya afya kazini iliandikwa kwa ajili ya kiwanda chenye geti na orodha ya mishahara.

Nianze na vumbi, kwa sababu ndilo linaloua kimya na ndilo linalozungumzwa kidogo. Dhahabu ya ukanda huu wa ziwa mara nyingi iko ndani ya miamba ya kwazi. Kwazi ni silika. Ukiipasua kwa nyundo na tindo, ukiitoboa kwa mashine bila maji, au ukiisaga kavu kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, hutoka chembe ndogo kuliko sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Vumbi unaloliona kwenye nyusi za mtu wa karasha si la kutisha sana. Pua na koo hulinasa. La hatari ni lile usiloliona. Hufika mwisho kabisa wa mapafu, mwili unashindwa kulimeng'enya, na kidogo kidogo nyama ya mapafu inageuka kovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba. Na hata mtu akiacha machimbo akarudi kijijini kulima mpunga, kovu linaweza kuendelea kukua.

Pafu lenye silika ni shamba zuri kwa kifua kikuu. Mchimbaji mwenye silikosisi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua TB kuliko mtu wa kawaida, na akiwa na virusi vya UKIMWI pia, hatari hizo hazijumlishwi, zinazidishana. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kudhibiti TB unawahesabu wachimbaji miongoni mwa makundi ya kufuatiliwa kwa karibu. Ugumu unaanza kwenye picha ya kifua. Silikosisi na TB zinaweza kufanana mno kwenye eksirei. Mtu anaweza kumaliza miezi sita ya dawa za TB akabaki anahema vilevile, akaanzishiwa dozi upya, kumbe hakuna aliyemuuliza amefanya kazi gani katika miaka kumi iliyopita. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Naliweka mbele ya mambo yote ambayo halmashauri zetu zinaweza kuanza kesho asubuhi: kila mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aulizwe kazi yake, miaka aliyokaa kwenye vumbi, na kama alikuwa chini ya duara au kwenye karasha. Akina mama wanaoponda na kuchambua mawe waulizwe vilevile. Hao husahauliwa kwa sababu hawaitwi wachimbaji.

Barakoa za kitambaa na leso zilizofungwa puani hazizuii chembe hizo. Kinachofanya kazi ni maji: kulowesha mwamba kabla ya kutoboa, kunyunyizia mawe kabla ya kusaga, na kuyaondoa makarasha katikati ya nyumba za watu. Barakoa za kitaalamu, zile zinazobana uso vizuri, zinakuja baada ya maji, si badala yake.

Halafu kuna rashi. Habari ikisikika kuwa dhahabu imeonekana mahali, kambi yenye maelfu inahama ndani ya siku chache. Aliyekuwa mwezi wa pili wa dozi ya TB anaondoka na vidonge vya wiki moja, na kituo alichoanzia kinamwandika mtoro. Kwa maoni yangu neno hilo halimtendei haki. Dawa za TB ni bure nchi nzima, kwa hiyo kikwazo si fedha, ni taarifa. Wilaya za Geita, Misungwi, Sengerema, Kahama na Chunya zinapokezana watu walewale. Mchimbaji akitajiwa tangu siku ya kwanza kwamba anaweza kuendelea na dozi popote kwa kuonyesha kadi yake, na kituo kipya kikapiga simu kwa kile cha zamani, wengi wasingepotea.

Zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga, nayo inasemwa sana, ila mara nyingi inasemwa vibaya. Hapa Mwanza swali la kwanza ninaloulizwa ni kama sato na sangara wana sumu. Vipimo vilivyochapishwa tangu miaka ya 1990 vimekuta samaki wengi wa Ziwa Victoria wakiwa chini ya kikomo kinachotumika kimataifa cha miligramu 0.5 kwa kilo. Si sababu ya kulala usingizi, lakini pia si sababu ya kumwogopa muuza samaki wa Kirumba. Anayeumia leo ni yule anayechoma donge la zebaki na dhahabu ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Utafiti uliofanywa kwenye machimbo ya ukanda wetu ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya zebaki inayopotea, kiasi cha asilimia 70 hadi 80, hupotelea hewani wakati wa kuchoma. Zebaki ikimezwa kwa bahati mbaya huingia mwilini kidogo sana. Mvuke wake ukivutwa, mapafu huchukua karibu asilimia 80. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hukata, hasira na usahaulifu huongezeka, fizi na figo huathirika. Mvuke huohuo unapita kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto tumboni, na bado kuna wanaochomea jikoni, kwenye jiko lile wanalopikia ugali.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi ziwe na mpango wa taifa, na mpango lazima ubebe mkakati wa afya ya jamii. Pia unataja mambo ya kukomeshwa: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuoshwa, kuchoma wazi bila kunasa mvuke, kuchomea kwenye makazi, na kupitisha kwenye sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu) ambayo hayajaondolewa zebaki. Hili la mwisho linatuhusu sana, kwa kuwa marudio ya mialo, yaani sehemu za kusagia na kuoshea mawe, huuzwa moja kwa moja kwa wenye mitambo ya vati, yaani matangi ya sianidi. Kuna wanaotaka zebaki ipigwe marufuku mara moja. Mimi siungi mkono haraka hiyo. Ukifunga mlango wa mbele bila kuleta njia nyingine, biashara inahamia gizani na uchomaji unarudi ndani ya nyumba. Ritoti, kifaa cha chuma kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena, inaokoa pafu na mfuko kwa pamoja.

Kuporomoka kwa maduara wakati wa mvua sihitaji kukueleza kwa kirefu. Januari 2024 watu zaidi ya 20 walifukiwa Ng'alita, Bariadi. Malaria na kipindupindu kwenye kambi zisizo na vyoo navyo vinajulikana.

Gharama ya kutohesabu watu imeonekana kwingine. Jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yalikuwa yakisagwa majumbani. Aliyegundua si mkaguzi wa migodi, ni wahudumu wa afya walioshangaa wingi wa vifo. Afrika Kusini nako, mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa waliougua silikosisi na TB migodini. Wale waliweza kudai kwa kuwa kampuni zilikuwa na kumbukumbu za nani alifanya kazi wapi na lini. Mchimbaji wetu akidai, ataonyesha nini?

Kwa hiyo pendekezo langu kwa watunga sera ni la kiofisi tu. Leseni ya uchimbaji mdogo inapohuishwa, mwenye leseni awasilishe daftari la wanaoshuka kwenye maduara yake na tarehe ya mwisho waliyopimwa kifua. Mwenye karasha naye awe na daftari lake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Mchango wa mchimbaji ukatwe mawe yanapogawanywa, pamoja na gharama za mafuta na matimba, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ambayo fedha yake iko mahali panapojulikana. Mwenye kitu cha ziada anaweza pia kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kama mtu aliyejiajiri.

Na wewe uliye kwenye vumbi, ukifika zahanati na kikohozi, taja kazi yako kabla hujaulizwa, pamoja na miaka uliyoifanya. Omba iandikwe kwenye cheti chako.