ALA ni nini, na seli ya kansa inaiingiza aje?

Watu wakisikia tiba ya mwanga, ile ya kupewa dawa kisha kumulikwa ili kansa ife, wanadhani dawa inazunguka mwilini ikitafuta kansa kama askari ameshika picha ya mshukiwa. Hapana. ALA, yaani asidi ya aminolevulini, ni malighafi tu, mwili wako unaitengeneza kila siku ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu kwa seli, ili ipatikane himu, ile inashika chuma kwa damu na kuifanya iwe nyekundu.

Sasa inaingia aje? Kwa utando wa seli kuna milango ya protini, PEPT1 na PEPT2, kazi yake ni kupitisha vipande vidogo vya protini, amino asidi mbili ama tatu zimeshikana. ALA inafanana na hivyo vipande kwa umbo basi inapita. PEPT1 iko pia kwa utumbo, ndio maana dawa inaweza kunywewa. Kansa kadhaa zina milango hii kwa wingi.

Lakini hata seli yenye afya huingiza ALA, tofauti kubwa iko huko mbele. Enda Kamukunji, Nairobi, uangalie wale wa jua kali wakitengeneza masanduku ya shule, mabati yanaletwa, huyu anakata, huyu anakunja, sasa kama yule wa kuweka komeo ni mmoja na mkono wake ni mzito, masanduku yasiyo na komeo yatajaa mpaka barabarani. Kwa seli huyo wa mwisho ni kimeng'enya kinaitwa ferokelatasi, kinachoweka chuma, na kwa kansa nyingi kiko chini. Kinachojaa ni protopofirini, himu ambayo haijapata chuma, na hiyo ndio inashika mwanga. Kawaida himu ikitosha mwili unapunguza kutengeneza ALA, lakini ukiileta kutoka nje hiyo breki haina kazi. Kuna pia pampu, ABCG2, inatoa protopofirini nje, seli ikiwa nayo nyingi tiba inalegea.

Ukimulika bluu, protopofirini inang'aa nyekundu, na madaktari wa upasuaji wa ubongo wanaona kingo za glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, mgonjwa akiwa amekunywa dawa masaa matatu hivi kabla (Marekani waliipitisha 2017). Ukimulika nyekundu, urefu wa wimbi nanomita kama 635, inapatia oksijeni nguvu, oksijeni inakuwa kali inachoma seli kutoka ndani. Mwanga haufiki mbali, ni milimita chache tu, kwa hivyo kwa ngozi dawa inapakwa mahali jua limeharibu kabla haijageuka kansa, na hapo mimi hufikiria sana ndugu zetu wenye ualbino.