Askari wa zimamoto anapopanda ndege yenye mgonjwa: dhana potofu na ukweli

"Hiyo ni kazi ya watu wa afya."

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Rubani akiuarifu mnara kwamba ana abiria mgonjwa, wanaoingia ndegeni mwanzo mara nyingi ni askari wa zimamoto na wahudumu wa gari la wagonjwa. Taarifa wanayopewa huwa fupi: abiria kaanguka, siti ya nyuma, anatapika. Jina la ugonjwa litakuja baadaye, kutoka maabara.

Lagos, Julai 2014, abiria mmoja alitapika ndegeni, akatapika tena baada ya kutua, na tena ndani ya gari lililompeleka hospitali. Mwanzoni alidhaniwa ana malaria. Kumbe ni Ebola. Ofisa wa itifaki aliyemsindikiza, ambaye kazi yake haikuwa kutibu mtu, aliambukizwa akafa. Hadi mlipuko unakwisha, Nigeria ilikuwa na wagonjwa 20, na 8 kati yao walifariki.

"Kamera ya joto imeshamchuja."

Kamera ya joto inayowapima abiria uwanjani hupima joto la ngozi, haipimi ugonjwa. Aliyemeza parasetamoli kabla ya kushuka anaweza kupita bila kushtukiwa. Ebola huchukua siku 2 hadi 21 kabla ya kuonyesha dalili. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo mwokoaji afundishwe kuuliza akiwa bado hatua chache kutoka kwa mgonjwa, kabla ya kumshika: umetoka wapi, umemuuguza nani, dalili zimeanza lini? Ni nusu dakika tu.

"Nimevaa kila kitu, niko salama."

Kuvaa si kazi. Kazi ni kuvua. Kuna zoezi ambalo mkufunzi hupaka glavu na gauni la mwanafunzi unga usioonekana kirahisi, kisha humwacha abebe sanamu ya mgonjwa na kuvua kama alivyozoea. Taa zikizimwa na kuwashwa ile ya urujuanimno, unga unang'aa shingoni, kwenye kifundo cha mkono, hata puani alipojikuna. Maelezo ya saa nzima hayamwingii mtu kama madoa yale.

Glavu ya kwanza hushikwa kwa nje karibu na kifundo, ikavutwa hadi igeuke ndani nje. Kwa ya pili, kidole kitupu hupita chini yake, kikigusa ngozi tu. Barakoa hutoka mwishoni, kwa kamba zake, bila kugusa sehemu ya mbele. Pembeni asimame mwenzake akisoma hatua moja moja kwa sauti, maana mtu aliyechoka na kulowa jasho huruka hatua.

Koti la zimamoto, kwa njia, lilishonwa kwa ajili ya moto. Matapishi yakiingia kwenye mishono na mikanda yake, hayafutiki kwa kitambaa. Na barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe za hewani, ikivaliwa juu ya ndevu haizibi.

"Hewa ya ndege ndiyo hatari kuu."

Si sana. Vichujio vya ndege nyingi kubwa hunasa zaidi ya asilimia 99.9 ya chembe ndogo. Ila mfumo wa hewa ukizimwa ndege ikiwa imeegeshwa, hewa haizunguki tena. Muulize rubani kama bado unafanya kazi.

"Tulishafundishwa."

Lini? Mikono husahau. Kwangu mimi, dakika 20 za mazoezi kila mwezi zamuni zinaishinda semina ndefu yenye vyeti. Mjaribu yeyote wa zamu ya usiku: ukichomwa na sindano yenye damu saa nane za usiku, unampigia nani? Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na chanjo ya homa ya ini B ilipaswa iwe imekamilika kabla hajaingia zamu. Akianza kuhangaika na simu akitafuta namba, mafunzo yaanzie hapo.