Taa kwenye madigadi haimaanishi ni Series III

Watu bado wanasema Land Rover ya zamani ikiwa na taa kwenye madigadi basi ni Series III, zikiwa katikati kwenye grili ni Series II. Jamani sio hivyo, taa zilihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 wakati Series IIA (toleo lililofuata II, kabla ya III) bado inatengenezwa, III imekuja 1971, kwa hiyo hizo IIA za mwisho mwisho ndo kila siku zinanyimwa jina lao na inauma. Grili ya plastiki ni ya III kweli ila inabadilishwa fasta tu, usiitegemee. We chungulia dashibodi, mita zikiwa katikati ni IIA, zikiwa mbele ya dereva ni III. Gia pia, namba moja na mbili za IIA zinataka ukanyage klachi mara mbili unapoingiza la sivyo zinakwaruza.