Neva zinazojipigia mdundo: mpigo wa kujiendesha kwa kaa na kamba

Kreifishi, yule kamba mwekundu anayevuliwa Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru, si mwenyeji wa huku. Ni spishi ya Marekani, Procambarus clarkii, iliyotiwa ziwani mwaka 1970. Wanafisiolojia, yaani wanasayansi wanaochunguza jinsi mwili unavyofanya kazi, wanamjua vyema. Mwaka 1934 C. Ladd Prosser aliandika kwamba mshipa wa neva wa kreifishi, hata ukishatolewa mwilini, huendelea kutoa misukumo ya umeme bila kuguswa na kitu.

Huo ndio mpigo wa kujiendesha. Tumezoea kufundishwa kuwa neva hungoja: unagusa sufuria ya moto, ujumbe unakwenda, mkono unaruka. Ziko seli za neva zisizongoja. Zinapiga, zinanyamaza, zinapiga tena, kwa vipindi vinavyolingana.

Chanzo kiko kwenye utando wa seli. Chembe za sodiamu na kalisi zenye chaji chanya huvuja kuingia ndani polepole, na volteji hupanda hadi seli ifyatue misukumo kadhaa mfululizo. Wakati huo kalisi inazidi kujaa ndani, nayo hufungua milango ya potasiamu. Potasiamu ikitoka, volteji hushuka na seli hutulia. Kalisi ikishapunguzwa, ile milango hufunga na mzunguko unaanza upya. Indiketa za matatu za zamani zilifanya kazi hivyohivyo: umeme ulipasha moto kibati, kibati kikapinda na kukata umeme, kikapoa, kikaunganisha tena. Dereva aliwasha mara moja tu.

Mfano unaochunguzwa zaidi ni fundo la neva linaloendesha tumbo la kaa na kamba wa baharini. Lina seli 30 hivi tu, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililolipa umaarufu, kwa sababu kila seli inaweza kutambuliwa na kupewa jina. Seli moja ndogo, AB, ikishirikiana na mbili ziitwazo PD, huongoza mdundo wa takriban mara moja kwa sekunde unaochuja chakula kilichosagwa. Allen Selverston na wenzake walizijaza seli rangi maalumu, kisha wakaziua moja moja kwa mwanga, ili kuona mdundo unamtegemea nani.

Lakini tusilichukue neno kujiendesha kupita kiasi. Ukikata neva inayoleta kemikali kutoka mafundo ya mbele, mdundo huo hupungua kasi au hukatika kabisa. Ukilimwagia fundo dopamini au serotonini, kemikali ambazo neva hutumia kupashana habari, mdundo hubadilika. Eve Marder wa Chuo Kikuu cha Brandeis ametumia miaka mingi kuonyesha jinsi mtandao uleule wa seli unavyoweza kutoa midundo tofauti kwa kubadilishiwa kemikali tu.

Moyo nao una habari yake. Wetu hupigishwa na misuli yake yenyewe, ndiyo maana moyo uliopandikizwa hupiga ingawa neva zake zilikatwa. Moyo wa kamba wa baharini hutegemea fundo dogo lililolala juu ya ukuta wake, lenye seli 9 za neva: 4 ndogo za kuweka mwendo na 5 kubwa za kuamrisha misuli. Ukiling'oa fundo hilo, moyo unasimama.