Likizo ya Mtoto Anayesomea Nyumbani: Yanayosemwa na Yalivyo

Shule zikifungwa tu, mzazi anayemfundisha mwanawe nyumbani huulizwa swali lile lile: "Na nyinyi mnafunga lini?" Kisha ushauri humiminika, mwingine wa busara, mwingine wa kuokoteza. Nimekusanya hapa dhana zinazorudiwa sana kuhusu shughuli za likizo na sikukuu kwa watoto hawa. Baadhi zinataka maelezo marefu, nyingine zinakwisha kwa aya moja fupi.

"Yeye kila siku yuko nyumbani, likizo ya nini?"

Mtoto aliyekuwa akihangaika na hesabu za sehemu asubuhi, kwenye meza ile ile anayolia chakula jioni, anahitaji kuiona meza hiyo haina madaftari. Anayemfundisha naye huchoka. Familia nyingine hufuata kalenda ya shule, nyingine husoma wiki 6 na kupumzika ya 7. Ratiba yoyote inafaa, mradi mtoto ajue likizo inaanza siku gani na inakwisha siku gani. Mpe kalenda na penseli, akate tarehe mwenyewe. Likizo isiyo na mwanzo wala mwisho humchosha mtoto kama masomo yasiyo na mapumziko.

"Akiviacha vitabu wiki chache atasahau kila kitu."

Hofu hii ina chembe ya ukweli iliyokuzwa kupita kiasi. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake, Marekani, walizikusanya tafiti nyingi za wanafunzi waliotoka kwenye likizo ndefu ya majira ya joto. Wakakuta kwamba kwa wastani alama zilikuwa zimerudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja hivi wa masomo, na ukokotoaji ndio ulioathirika kuliko kusoma. Tafiti za baadaye zimetoa majibu yanayopishana. Hata tukichukua lile la mwezi mmoja, hiyo si "kila kitu", na kinachoponyoka zaidi ni kile kinachotaka mazoezi ya mara kwa mara, kama jedwali la kuzidisha. Kitabu cha hadithi kabla ya kulala, pamoja na kazi moja ya kupima na kuhesabu kwa siku, vinatosha kabisa. Kazi za namna hiyo ziko tele hapa chini.

"Kila shughuli lazima iwe na somo, na mwishoni apewe alama au zawadi."

Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema wanapoharibu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili lilichora bila kuambiwa lolote, kisha likapewa cheti kile kile kwa kushtukizwa. La tatu halikuahidiwa wala kupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani bila zawadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya ule wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu.

Tazama hapo kilichodhuru: ahadi iliyotangulia. Mtoto alipenda kuchora, akafundishwa kwamba kuchora ni kibarua. Kwa hiyo mwanao akiwa amezama katika kutengeneza kadi za sikukuu, usimwahidi kitu ili atengeneze 10 zaidi. Ukitaka kumfurahisha, mfurahishe akishamaliza, bila kumtangazia mapema. Na somo liache lijitokeze lenyewe. Akiuliza kwa nini gundi inakunja karatasi, mjibu. Asipouliza, mwache agundishe.

"Shughuli za msimu zinataka vifaa vingi."

Nimeona seti za ufundi ambamo kila kipande kimeshakatwa, gundi imeshapakwa, na mtoto amebakiziwa kazi ya kubandika jicho mahali pa jicho. Dakika 5 imekwisha. Msimu wenyewe unatoa vifaa bora kuliko hivyo, na haulipishi.

Chukua kijiti cha mita moja. Kisimike mahali tambarare penye jua, kiwe wima kabisa. Uzi uliofungwa jiwe mwishoni ni timazi tosha ya kuhakikisha. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, kila baada ya dakika 10, mtoto aweke kokoto pale ncha ya kivuli inapoishia. Kokoto iliyo karibu zaidi na kijiti ndiyo inayoonyesha adhuhuri ya jua, na mara nyingi haitalingana na saa sita kamili ya ukutani. Mstari kutoka kwenye kijiti hadi kwenye kokoto hiyo unalala kaskazini na kusini barabara. Rudieni siku ile ile kila wiki. Likizo ikikaribia kwisha, mtoto atakuwa na safu ya kokoto inayoonyesha kivuli kikirefuka au kikifupika, na hapo hutahitaji kumwambia kwamba majira yanabadilika. Wanaoishi karibu na ikweta wana bahati ya pekee: mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini, kivuli cha adhuhuri kikatoweka, kisha kikahamia upande wa pili wa kijiti. (Wakumbushe watoto watazame kivuli, jua lenyewe halitazamwi kwa macho makavu.)

Kama ni msimu wa mvua, tengenezeni kipima mvua. Kata shingo ya chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, igeuze mdomo chini uiingize iwe faneli. Ndani tia kokoto kuipa chupa uzito, kisha maji hadi yapite sehemu iliyopinda ya kitako, na hapo chora mstari wa sifuri. Bandika rula ubavuni. Iwekwe uwanjani, mbali na miti na ukingo wa paa, isomwe saa ile ile kila asubuhi, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri.

Wengi, wakubwa kwa wadogo, hudhani chombo kipana kitaonyesha mvua nyingi zaidi. Usimsahihishe mtoto kwa mdomo. Mwache aweke sufuria na kopo, vyote vyenye kuta zilizonyooka, mvua inyeshe, kisha apime kina kwa rula. Vitalingana. Sufuria ilikusanya maji mengi, lakini imeyatandaza. Akishaelewa hilo, mpe hili: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 20, mvua ya milimita 15, ni lita ngapi? Jibu ni 300, na ukimwona amekwenda kuhesabu paa la nyumba yenu bila kutumwa, kaa kimya.

"Majira hubadilika kwa sababu dunia inalisogelea jua na kuliacha."

Hii ni dhana ya wazazi, na huirithisha kwa watoto wakiwa na kalamu za rangi mkononi. Umbali kweli hubadilika kidogo, ila kinyume na wanavyodhani wengi: dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati nusu ya kaskazini iko katikati ya baridi. Mwanzoni mwa Julai iko mbali zaidi, kilomita milioni 152 hivi, na huko kaskazini ni joto. Sababu ya majira ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, kwa hiyo nusu moja hulielekea jua huku nyingine ikilipa kisogo.

Tochi na karatasi vinatosha kuonyesha. Mulika karatasi kutoka juu moja kwa moja, mtoto achore ukingo wa duara la mwanga. Kisha inamisha tochi, umbali ule ule, achore tena. Duara limekuwa yai kubwa lenye mwanga hafifu: mwanga ule ule umegawanywa kwenye eneo kubwa. Hiyo ndiyo baridi.

"Sikukuu ni mapambo tu, hazina hesabu ndani yake."

Muulize mtoto kwa nini Krismasi huwa Desemba 25 kila mwaka, ilhali Idi huja mapema kuliko mwaka uliopita. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi mwandamo. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Gawanya 365 kwa 11: baada ya miaka 33 hivi imezunguka majira yote. Pasaka nayo ina kanuni yake: katika makanisa ya Magharibi ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia Machi 21 au baada yake, ndiyo maana haitangulii Machi 22 wala haivuki Aprili 25. Mwezi huo ni wa hesabu za kanisa, kwa hiyo mara chache huweza kupishana na ule wa angani.

Hapo mna sababu ya kuanza daftari la mwezi. Kila siku mtoto achore duara na kutia giza sehemu isiyoonekana. Itachukua siku 29 na nusu kurudi alipoanzia. Kama analala mapema, hakuna tatizo. Dhana kwamba mwezi huonekana usiku tu si ya kweli. Mwezi wa nusu, siku chache baada ya kuandama, huchomoza mchana kweupe na huonekana vizuri alasiri.

Na lipo kosa lingine la kuondoa mapema: kivuli cha dunia hakihusiki na kukua na kupungua kwa mwezi. Kivuli hicho hutokea wakati wa kupatwa tu. Zima taa zote isipokuwa moja, mtoto ashike mpira kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa ili kivuli chake kisiuguse, kisha ajizungushe taratibu pale aliposimama. Kichwa chake ni dunia, taa ni jua. Ataona hilali, nusu, mpevu, na nusu tena, vyote kwenye mpira mmoja.

"Theluji ya karatasi, kunja mara tatu ukate."

Ukikunja nusu, nusu, na nusu tena, utapata ua zuri la ncha 4 au 8. Chembe ya theluji ina ncha 6, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita. Mwanafalaki Johannes Kepler alilishangaa jambo hili hadi akaliandikia kijitabu mwaka 1611, kiwe zawadi ya mwaka mpya kwa rafiki yake. Mkulima wa jimbo la Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alianza kuzipiga picha chembe hizo mwaka 1885, na maishani mwake alipiga zaidi ya 5,000.

Kukunja kwa haki ni hivi: chukua karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona iwe pembetatu. Tafuta katikati ya upande mrefu. Kutoka hapo, kunja upande wa kulia na wa kushoto upishane katikati, uwe na sehemu 3 zinazolingana, kila moja nyuzi 60. Kunja tena nusu, kata masikio yanayojitokeza juu, kisha mtoto akate vitobo apendavyo. Sehemu ngumu ni kugawa kwa tatu. Wa miaka 6 atahitaji mkono wako, wa miaka 10 atatumia kipimapembe.

"Watoto wa umri tofauti hawawezi kufanya shughuli moja."

Wanaweza. Mdogo aweke kokoto, wa kati asome rula, mkubwa achore grafu. Tatizo huanza pale mzazi anapotaka wote watoe kazi inayofanana.

"Udongo wa unga na chumvi ni salama, ni chakula tu."

Vikombe 2 vya unga, 1 cha chumvi na kiasi cha 1 cha maji hutoa udongo mzuri wa kufinyanga mapambo. Ukikaushwa vizuri hudumu miaka. Ila unga mbichi haufai kuliwa, na chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumuua mbwa. Usiyaache mapambo hayo pale anapofika.

"Masikini, watakaa wapweke."

Fikiria tena. Muhula ukiendelea, watoto wa jirani wako darasani hadi alasiri. Likizo ndiyo wakati pekee wanaposhinda nyumbani, kwa hiyo kwa anayesomea nyumbani huu ndio msimu wa wenzake. Wazazi wengine huutumia kuwahi mada za muhula ujao, na mimi naona ni hasara. Wekeni shughuli zinazotaka watu wengi: mchezo wa kuigiza, bustani ya pamoja, au kipima mvua kimoja kila nyumba. Hicho cha mwisho nakipendelea, kwa sababu wingu moja laweza kulowesha mtaa huu na kuuacha ule mkavu, na watoto wakikutana asubuhi na namba zisizolingana, kila mmoja atadai cha mwenzake ndicho kibovu. Waache wabishane, kisha wavibadilishane kwa wiki moja waone.