Kuchuja nyenzo za sayansi mtandaoni: mshumaa, betri na flashi

Tafuta mtandaoni jaribio la mshumaa unaowaka ndani ya sahani ya maji, kisha ukafunikwa kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda. Kurasa na video nyingi zitakwambia kuwa moto umemaliza oksijeni, na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, maji yamejaza nafasi hiyo. Maelezo hayo si sahihi, na ndiyo maana mimi hulitumia jaribio hili kama chekecheke. Nikitaka kujua kama tovuti inafaa kumpa mwalimu, naangalia kwanza inasemaje kuhusu mshumaa.

Ukilifanya mwenyewe utaona kosa liko wapi. Unapoishusha glasi, angalia ukingo wake: mara nyingi mapovu hutoka, kwa sababu hewa iliyopashwa moto imetanuka na sehemu yake inakimbia. Mshumaa ukiwa bado unawaka, maji hupanda kidogo tu; yanapanda kwa kasi baada ya moto kufa, hewa iliyobaki inapopoa na kusinyaa. Sasa rudia kwa glasi ileile ukiwa na mishumaa 3. Maji yatapanda juu zaidi. Kama sababu ingekuwa oksijeni, kiwango kingekuwa kilekile, maana oksijeni ndani ya glasi haikuongezeka. Isitoshe, mshumaa huzimika kabla haujaimaliza oksijeni yote. Tovuti inayoeleza hivi imefanya kazi yake. Inayorudia hadithi ya asilimia 21 inanitia shaka hata kwenye kurasa zake nyingine.

Kwa kemia ya vitendo, ukurasa wa elimu wa Royal Society of Chemistry ya Uingereza umejaa majaribio yaliyoandikwa kwa ajili ya walimu: kiasi cha kila kitu, ukolezi wa myeyusho, tahadhari, na maandalizi ya kabla ya kipindi. Jaribio lolote la kemikali lisilotaja ukolezi wala tahadhari, liache hapohapo, hata kama video yake inavutia.

Kwa fizikia nawashauri walimu waanze na PhET, simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za bure za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia. Baadhi ya simulesheni zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Angalia orodha ya lugha kwenye ukurasa wa kila moja.

Chukua ile ya kuunda sakiti za mkondo mnyoofu, fungua skrini ya maabara. Unga betri ya volti 9, kikinza cha omu 10 na amita. Amita inasoma ampea 0.90, kama kanuni ya Ohm inavyotaka. Mwanafunzi akiishia hapo hajapata kitu kikubwa, maana seli kavu halisi ina ukinzani wake wa ndani. Kwa hiyo nenda kwenye vidhibiti vya ziada, weka ukinzani wa ndani wa betri kuwa omu 2, kisha badilisha kikinza: omu 4, 7, 10 na 16. Utasoma ampea 1.50, 1.00, 0.75 na 0.50. Mwambie mwanafunzi achore grafu ya R (omu za kikinza) dhidi ya 1/I (moja kugawanya kwa mkondo). Atapata mstari ulionyooka wenye mteremko wa 9, ambao ndio volti za betri, na utakata mhimili wa R kwenye −2, ambao ndio ukinzani wa ndani kwa alama ya kutoa. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumika maabara kwa seli kavu, kwa hiyo atafika pale akijua anatafuta nini.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: amita inaonyesha desimali mbili tu. Ukiweka omu 100, mkondo halisi ni ampea 0.088 lakini utasoma 0.09, na nukta hiyo itatoka nje ya mstari. Tumia vikinza vidogo. Wa pili: simulesheni inapofunguliwa huonyesha elektroni, zinazotoka ncha hasi kwenda chanya, wakati kitabu cha kiada kinachora mkondo ukitoka chanya. Badilisha chaguo hilo kabla hujaonyesha darasa, la sivyo nusu ya kipindi itaishia kwenye mishale.

Usitegemee bando siku ya kipindi. Kila simulesheni mpya ya PhET hupakuliwa kama faili moja la HTML, linalofanya kazi bila intaneti na linaloweza kutumwa kwa WhatsApp kama hati. Likifunguka jeupe kwenye simu, mara nyingi limefunguliwa na programu ya kusomea mafaili. Chagua kulifungua kwa Chrome. Maelekezo ya zamani yanayodai Flash Player yapuuze: Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020.

Ukitaka maktaba nzima, weka kwenye kompyuta Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, upakue mafaili yake ya ZIM, yakiwemo ya Wikipedia. Hapa wengi hukwama wakati wa kunakili. Flashi iliyoumbizwa (format) kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 32, na kompyuta itadai faili ni kubwa mno. Hamisha vilivyomo, iumbize upya kwa mfumo wa exFAT, kisha nakili.

Kwa shule za Tanzania, vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hivyo ndivyo vya kulinganisha na chochote kinachotoka nje. Lakini nyenzo ambayo naona walimu wanaiacha bila sababu ni taarifa za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazotolewa kwa kila somo. Zinaonyesha swali, majibu dhaifu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, na walikosea kwa nini. Pakua za somo lako za miaka mitatu, andika pembeni makosa yanayojirudia, na hayo ndiyo uyatafutie simulesheni au jaribio. Utafutaji unaoanzia kwenye kosa la mwanafunzi huchukua dakika chache; unaoanzia kwenye neno "fizikia" unaweza kumaliza jioni nzima na bando lote.