Ninachokisoma Katika Madaftari ya Wagonjwa

Mtu anapoletwa kwangu kwa sababu ya kuandika kupita kiasi, mara nyingi ndugu zake huja wamebeba madaftari yake pamoja na swali moja: je, wamnyang'anye kalamu? Huwa nawajibu kwamba wasifanye hivyo. Kisha, mwenyewe akiniruhusu, naomba niyasome madaftari hayo, kwa kuwa kurasa huonyesha mambo ambayo mgonjwa hajapata namna ya kuyasema.

Msukumo huu wa kuandika usiozuilika kitaalamu huitwa haipagrafia. Mwaka 1974, madaktari wa neva wa Marekani Stephen Waxman na Norman Geschwind waliueleza kwa wagonjwa wenye kifafa kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo ubavuni mwa kichwa, usawa wa sikio. Maandishi ya wagonjwa wa namna hii yana sura yake: ni marefu, yamepangwa kwa uangalifu, yana maelezo mengi kuliko haja, na mara kwa mara hurudi kwenye dini, maadili na maana ya kuwepo kwetu duniani. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba sehemu hiyo imefungamana na mifumo ya ubongo inayoyapa mambo uzito wa kihisia, hivyo inapochochewa mara kwa mara, hata tukio dogo humjia mtu likiwa na uzito mkubwa, naye huona ni kosa kuliacha lipotee.

Maandishi ya mtu aliye katika mania ya ugonjwa wa baipola, yaani kipindi cha msisimko uliopita kiasi katika ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka mno, ni tofauti kabisa. Hapo mkono hufukuza mawazo usiyafikie: sentensi huachwa njiani, herufi hukua, mistari hupanda hadi pambizoni, na wazo moja huruka kwenda jingine kwa sababu tu maneno mawili yanafanana kwa sauti. Ni yale yale maneno yanayommiminika kinywani, ila sasa yamepata karatasi. Katika skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na kumtenga mtu na uhalisia, nimekutana zaidi na maneno yaliyobuniwa, ambayo maana yake anaijua mwandishi peke yake.

Tofauti hizi zina athari kubwa katika tiba. Anayeshukiwa kuwa na kifafa anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo, ilhali aliye katika mania anahitaji usingizi na dawa za kutuliza hali yake ya hisia. Mgonjwa wa baipola akipewa dawa za sonona (huzuni nzito ya muda mrefu) peke yake, kwa kuwa wiki ile alionekana mwenye huzuni, dawa hizo zinaweza kumtumbukiza katika mania.

Wingi wa maandishi peke yake si ugonjwa. Robert Shields wa Marekani aliandika shajara ya maneno yapatayo milioni 37.5, akinakili maisha yake karibu kila dakika tano, tangu mwaka 1972 hadi alipopata kiharusi mwaka 1997. Sithubutu kumpa jina la ugonjwa mtu ambaye sikumpima, lakini habari kwamba alilala kwa saa mbili mbili ili aandike ndoto zake hunigusa kuliko hesabu ya maneno, kwa sababu usingizi ndio jambo la kwanza ninaloliuliza.

Wagonjwa wangu wenyewe huogopa jambo jingine: kwamba tiba itawanyamazisha. Naichukulia hofu hiyo kwa uzito, maana kwa wengine kuandika ndiyo kazi yao na ndiyo furaha pekee iliyobaki. Mwaka 1979 daktari Mogens Schou wa Denmark alichapisha majibu ya wasanii 24 waliokuwa wakitumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia za wagonjwa wa baipola. 12 walisema kazi zao ziliongezeka, 6 hawakuona mabadiliko, na 6 walisema zilipungua. Hao 6 wa mwisho siwafichi.

Ninachowaomba ni kwamba juu ya kila ukurasa waandike tarehe na saa walipoanza. Tukiona kurasa za usiku wa manane zimefuatana kwa siku tatu, tunakutana siku hiyo hiyo, nao huja na madaftari yao.